Mahandaki ya Bigo: Kazi ya mfalme au ya majirani?

KATIKA vilima vya Machakos, tangu Iveti hadi Mua na Kangundo, ni vigumu kuona mteremko wa shamba usiokuwa na mtaro. Mkulima hupima mstari unaofuata usawa wa mlima, akachimba, kisha akautupa udongo upande wa juu ukawa tuta. Mvua zinaponyesha huteremsha udongo mwingine, nao hukwama nyuma ya tuta hilo, na baada ya miaka kadhaa shamba lililokuwa limeinama kama paa la nyumba huwa ngazi pana zinazobeba mahindi na maharagwe. Ufundi huo huitwa "fanya juu", na jina lake limeingia katika vitabu vya kilimo vya lugha za kigeni bila ya kutafsiriwa.

Wenyeji wa vilima hivyo wanajua pia jambo ambalo vitabu hulipita haraka: mtaro mrefu ni kazi nzito mno kwa mtu mmoja, na ukishachimbwa hauonyeshi ni nani aliyetoa amri ya kuuchimba, wala kama kulikuwa na amri yoyote.

Jambo hilo linahusu moja kwa moja mjadala ambao umewashughulisha wataalamu wa historia ya Afrika Mashariki kwa muda wa karibu karne nzima. Mjadala wenyewe ni juu ya Bigo bya Mugenyi, mahandaki makubwa ya udongo yaliyoko upande wa kusini wa mto Katonga, katika wilaya ya Sembabule nchini Uganda. Urefu wake ukijumlishwa wapita kilomita 10. Mahali pengine kina chake hufika mita 4 na zaidi, na penginepo wachimbaji walipofika kwenye mwamba hawakusita, bali waliukata mwamba wenyewe. Yalichimbwa wakati ambao katika Ulaya huitwa zama za kati na mwanzo wa zama mpya, yaani kati ya karne ya 14 na ya 16. Waliochimba hawakuacha maandishi. Hata leo wataalamu hawajaafikiana kama Bigo ilikuwa mji mkuu wa mfalme, ngome ya vita, au zizi kubwa la ng'ombe.

Wengi walioandika juu ya Bigo walianza na dhana moja ambayo ilionekana kuwa haihitaji ushahidi, nayo ni kwamba penye kazi kubwa namna hiyo lazima palikuwa na mfalme. Dhana hiyo yastahili kuchunguzwa, kwani juu yake imejengwa sehemu kubwa ya historia ya falme za Uganda.

Mahali penyewe

Mto Katonga si mto wa maporomoko na kelele. Ni kinamasi kirefu cha mafunjo kinachojongea polepole, na mahali palipo na Bigo unapokea kijito kiitwacho Kakinga. Handaki la nje laanzia kwenye maji na kuzunguka nchi kavu kwa mapana, likikatika na kuendelea tena, hata likaifungia sehemu kubwa ya malisho kati yake na mto. Ndani, juu ya mwinuko mdogo, mna mahandaki mengine yaliyojikunja na kufanya boma la katikati, na humo mna vichuguu vya udongo vilivyorundikwa na watu.

Mtu anayelitazama boma hilo kwa jicho la askari hupatwa na mashaka upesi. Mahandaki ya nje yana nafasi nyingi zilizoachwa wazi. Kila nafasi ni mlango, na kila mlango unahitaji walinzi. Isitoshe, ukingo wa urefu wa kilomita kadhaa hauwezi kulindwa ila na jeshi kubwa ajabu, na adui mwerevu angetafuta tu mahali pasipo na mtu. Kwa upande mwingine, kuchimba hadi kwenye mwamba ni taabu ambayo watu hawajitwiki kwa ajili ya pambo. Kwa hiyo neno "ngome", ambalo ndilo maana ya "bigo" katika lugha za huko, linaeleza walivyodhani waliokuja kuyakuta mahandaki hayo kuliko walivyokusudia waliochimba.

Neno la pili nalo lina kisa chake. Msomaji wa Kiswahili halihitaji kufasiriwa: mugenyi ni mgeni. "Ngome za mgeni", basi. Lakini katika masimulizi ya Bunyoro, Mugenyi ni jina la mtu mahususi, mmoja wa Wachwezi, aliyesifika kwa kumpenda ng'ombe wake aitwaye Bihogo kupita kiasi. Husimuliwa kwamba alikuwa ameapa kujiua iwapo ng'ombe huyo angekufa, na Bihogo alipokufa, msiba huo ukawa miongoni mwa dalili kwamba zama za Wachwezi zimekwisha.

Wachwezi walioondoka

Wachwezi ni nani? Masimulizi yanawataja Ndahura, Mulindwa na Wamara kuwa watawala wa nchi pana iliyoitwa Kitara. Utawala wao haukudumu. Mambo yalipowaharibikia walitoweka, na nafasi yao ikachukuliwa na Wabito kutoka kaskazini wakiongozwa na Rukidi, ambao ndio wazazi wa wafalme wa Bunyoro. Huko Nkore wafalme walijinasibisha na Ruhinda, ambaye huhesabiwa kuwa mwana wa Wamara. Na juu ya hayo yote, Wachwezi ni pepo wanaotambikiwa: Ndahura anahusishwa na ndui, na katika kilima cha Mubende, mahali panaposemekana palikuwa makao yake, mti mkubwa wa Nakayima ungali unapokea wageni wenye haja zao.

Hapo ndipo pana utata. Je, hawa walikuwa wafalme waliogeuzwa kuwa miungu baada ya kufa, ama walikuwa miungu waliogeuzwa kuwa wafalme na vizazi vilivyohitaji mababu wenye fahari? Mwanahistoria Christopher Wrigley aliishikilia rai hii ya pili mwaka wa 1958, na tangu hapo hajapatikana mtu wa kuipuuza. Lakini kwa wale waliokuwa wakitafuta wafalme, mahandaki ya Bigo yalikuwa kama jibu lililoandikwa ardhini. Pepo hawashiki jembe; kama Wachwezi walichimba, basi walikuwa watu.

Wakoloni nao waliongeza chumvi yao. Mwingereza John Hanning Speke, aliyezipitia nchi hizo katika mwaka wa 1862, alieneza dhana kwamba falme za Maziwa Makuu ziliasisiwa na watu weupe zaidi waliotoka kaskazini, dhana ambayo baadaye ilipewa jina la Wahamiti. Kwa watu wenye fikira hizo, jina "ngome za mgeni" lilikuwa tamu mno. Mwafrika wa kawaida, kwa maoni yao, hakuwa na uwezo wa kupanga kazi ya namna ile. Basi mgeni alikuja, akaamrisha, akaondoka. Dhana hiyo leo haina mtetezi katika vyuo, lakini kivuli chake hakijaondoka kabisa. Mtu akiondoa "mgeni" na kuweka "mfalme", hoja inabaki vile vile: watu wa kawaida hawachimbi mpaka waamriwe.

Siasa nazo hazikukaa mbali. Katika miaka ya 1935 hadi 1937 mfalme wa Bunyoro, Tito Winyi, alichapisha katika jarida la Uganda Journal masimulizi marefu ya wafalme wa Bunyoro-Kitara akitumia herufi K.W. badala ya jina lake. Bunyoro wakati huo ilikuwa ikidai irudishiwe sehemu za nchi ambazo Waingereza walikuwa wamezikabidhi Buganda. Ufalme ulioweza kuonyesha kwamba mababu zake waliitawala Kitara yote ulikuwa na hoja nzito kuliko ufalme uliodai tu kuonewa. Dai hilo lilikuja kuamuliwa kwa kura ya maoni mwaka wa 1964, wakazi wa Buyaga na Bugangaizi walipochagua kurudi Bunyoro. Huko Bugangaizi pana mahandaki mengine ya kale, ya Munsa.

Sururu za wanaakiolojia

Maafisa wa kikoloni walianza kuyaandika mahandaki ya Bigo mapema katika karne ya 20, na mwaka wa 1934 mwanajiolojia E. J. Wayland alichapisha maelezo yake. Uchimbaji wa kitaalamu ulianza na Peter Shinnie mwaka wa 1957, akafuatiwa na Merrick Posnansky mwaka wa 1960.

Posnansky ndiye aliyeipa Bigo tafsiri iliyodumu katika vitabu vya shule kwa muda mrefu. Aliligundua boma la katikati kuwa linafanana kwa umbo na makao ya wafalme wa Nkore ya nyakati za karibu, yenye uwanja wa ng'ombe na nyumba ya mfalme penye heshima. Kwa hiyo alifikia uamuzi kwamba Bigo ilikuwa makao ya kifalme, na akayahusisha na Wachwezi au waliowafuatia. Tafsiri hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu iliunganisha vitu vitatu: udongo, masimulizi, na desturi iliyokuwa bado ikijulikana.

Hata hivyo, vitu vilivyofukuliwa havikuitii tafsiri hiyo kwa urahisi. Vilikuwa vigae vya vyungu vilivyopambwa kwa kuviringishiwa kamba, na mifupa ya ng'ombe. Hapakupatikana kaburi la fahari, wala akiba ya vito, wala tabaka nene la takataka ambalo mji mkuu wenye watu wengi huliacha kwa lazima. Kwa mahali palipogharimu jasho jingi hivyo, watu walioishi humo waliacha alama chache.

Mambo yalizidi kuwa magumu wataalamu walipoigeukia Ntusi, umbali usiozidi kilomita 20 kutoka Bigo. Ntusi haina mahandaki. Lakini watu waliishi hapo kwa wingi tangu karne ya 11 hadi ya 15, na utafiti wa Andrew Reid ulionyesha makazi yaliyoenea sana, vichuguu vya takataka vilivyojaa mifupa ya ng'ombe, mawe ya kusagia nafaka, pembe za ndovu zilizochongwa, na shanga chache za kioo zilizotoka pwani ya Bahari ya Hindi. Pana pia bonde dogo lililochimbwa na watu, liitwalo Bwogero, ambalo huenda lilikuwa la kuhifadhi maji ya mifugo. Basi mji wenye watu, mali na biashara ulikuwa Ntusi, ambako hapakuwa na mahandaki. Na mahandaki yalikuwa Bigo, ambako hapakuwa na watu wengi. Atakayetaka kuyatazama mahandaki kama kipimo cha ukuu atalazimika kueleza kinyume hicho.

Peter Robertshaw alipochimba Munsa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuta picha nyingine tena. Huko, mahandaki yanauzunguka mlima wenye mapango, na pamepatikana makaburi, dalili za kilimo na tanuri la kuyeyushia chuma. Mahandaki ya Munsa na ya Bigo yanafanana kwa macho, lakini maisha yaliyokuwa ndani yake hayakufanana.

Ndiyo maana maelezo yasiyomhitaji mfalme yamezidi kupata nafasi. Mojawapo ni la ng'ombe. Wakati wa kiangazi wafugaji wote wa nyanda zile hulazimika kuteremka kwenye maji, na kinamasi cha Katonga hubaki na majani mabichi mahali pengine pakiwa vumbi tupu. Handaki linaloanzia mtoni na kurudi mtoni huigawa nchi hiyo ya thamani: huwazuia ng'ombe wasipotee usiku, huwatenganisha wa huyu na wa yule, na kumlazimisha mpita njia apite kwenye mlango unaojulikana. Milango mingi, ambayo kwa askari ni udhaifu, kwa mchungaji ni manufaa. Maelezo mengine, hasa kuhusu mahandaki ya nje penye wakulima, ni ya kuwazuia wanyama waharibifu. Mkulima wa Taita au Laikipia ambaye shamba lake limewahi kupitiwa na ndovu hatalicheka wazo hilo. Handaki ni mojawapo ya vizuizi vichache ambavyo ndovu huviheshimu.

Hesabu ya jasho

Hata hivyo, watetezi wa mfalme wana hoja moja iliyobaki, nayo ndiyo yenye uzito zaidi. Ng'ombe au ndovu, maji au vita, bado kilomita 10 za mahandaki zilihitaji mikono mingi. Nani aliikusanya mikono hiyo, akailisha, na kuielekeza?

Hesabu ya makadirio inaweza kusaidia hapa. Tuseme handaki lina urefu wa kilomita 10, na kwa wastani upana wa mita 4 na kina cha mita 2 na nusu. Udongo uliotolewa ungekuwa mita za ujazo 100,000. Tuseme pia kwamba mtu mwenye jembe la chuma na kikapu huchimba na kuondoa mita moja ya ujazo kwa siku, kiwango cha chini kwa udongo laini lakini cha haki penye mwamba. Hizo ni siku 100,000 za kazi. Watu 500 wakifanya kazi kwa siku 60 za kila kiangazi, wanamaliza katika mwaka wa nne. Watu 250 wanamaliza katika mwaka wa saba. Watu 100 tu, yaani wanaume na wanawake wa vijiji vichache, wanamaliza kwa miaka 17, kabla ya mtoto aliyezaliwa wakati wa jembe la kwanza hajaoa.

Vipimo hivyo vyaweza kuongezwa mara mbili au mara tatu, na bado matokeo hayatakuwa idadi ya watu ambayo nchi iliyoizaa Ntusi haikuwa nayo. Na hakuna kilichothibitisha kwamba mahandaki yote yalichimbwa kwa mkupuo mmoja. Mtu atazamaye Bigo leo huona kitu kimoja kikubwa kwa sababu kimekwisha. Aliyekuwa akichimba huenda aliona kipande cha mwaka ule tu.

Ushahidi wa Machakos

Hapa ndipo historia ya Ukambani inapofaa. Wakamba hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na mabaraza ya wazee, kila eneo na lake. Lakini walikuwa na mwethya: mtu mwenye kazi iliyomzidi nguvu aliwaita majirani, wakaja na majembe yao, naye akawapa chakula na kinywaji, akijua kwamba siku yao ikifika ataitwa pia.

Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechakaa. Ardhi nzuri ilikuwa imetwaliwa na walowezi, watu na mifugo wamebanwa katika eneo finyu, na korongo zilikuwa zikila mashamba. Jibu la serikali ya kikoloni lilikuwa amri. Mwaka wa 1938 ilianza kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei duni, na Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kulalamika. Serikali ililegeza amri hiyo, lakini ikamfukuzia Muindi Lamu. Inafaa ikumbukwe: maelfu walikusanyika, wakasafiri na kukaa pamoja, wasiokuwa na mfalme, kwa ajili ya ng'ombe.

Amri ya mitaro iliendelea. Watu walitolewa majumbani katika siku zilizopangwa wakachimbe chini ya usimamizi wa machifu, na wengi walichimba kwa chuki. Matuta membamba ya miaka hiyo mara nyingi yalibomoka kwa sababu hakuna aliyeyaona kuwa yake. Katika miaka ya 1950 mambo yalibadilika: vikundi vya mwethya vilipewa nafasi ya kuchagua viongozi wao na kuamua ni shamba la nani litakalotangulia, na mitaro ikaongezeka upesi kuliko wakati wa viboko. Wanawake ndio waliokuwa wengi katika vikundi hivyo. Baada ya uhuru, hamasa ilipungua kwa muda kisha ikarudi, na kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mashamba ya vilimani ilikuwa na mitaro, mingi ikiwa imechimbwa na wenye mashamba na majirani zao pasipo afisa yeyote kuwasimamia.

Sasa fikiria mwanaakiolojia atakayefika Iveti baada ya miaka 600, pasipo karatasi wala shahidi. Ataona mlima baada ya mlima umechongwa ngazi. Akifuata desturi ya wenzake ataandika kwamba palikuwa na dola yenye nguvu iliyomiliki watumwa au askari wengi. Atakuwa na haki kwa sehemu ndogo, kwani dola kweli ilikuwapo na ilishika kiboko. Lakini mitaro iliyodumu, ile atakayoisimamia akiandika, kwa kiasi kikubwa ni ile ambayo dola haikuiamrisha.

Mfano huu hauthibitishi kwamba Bigo ilichimbwa na mwethya wa wafugaji. Unachofanya ni kuuondoa mzigo wa ushahidi mahali ulipokuwa umetuliwa. Anayesema palikuwa na mfalme sharti aonyeshe mfalme, si handaki.

Huko Nigeria kuna funzo la namna hiyo hiyo. Kuta na mahandaki ya udongo yanayozunguka mji wa Benin yalidhaniwa zamani kuwa kazi ya mtawala mmoja. Graham Connah alipoyapima katika miaka ya 1960 aliona kwamba mengi yalikuwa kama masega ya nyuki, vizingo vilivyoungana ubavu kwa ubavu, na akaona kuwa yafaa kuelezwa kama mipaka ya jamii ndogo ndogo zilizokuwa majirani kabla ya kuwa dola. Na hata penye jina la mfalme mambo hayajawa rahisi: mpakani mwa Uingereza na Wales handaki refu la karne ya 8 linaitwa kwa jina la mfalme Offa, na bado wataalamu wanabishana kama lilikuwa la vita, la ushuru, au la kujionyesha.

Kenya yenyewe ina mifano iliyo karibu zaidi. Msafiri Joseph Thomson, alipofika nchi iliyoitwa Kavirondo mwaka wa 1883, alikuta vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki. Wabukusu walijenga ngome za namna hiyo, na mbili kati yake, Lumboka na Chetambe, zilishambuliwa na majeshi ya Waingereza mwaka wa 1895. Katika nchi ya Wajaluo mabaki ya maboma ya udongo hujulikana kama gunda bur, na kusini zaidi, katika Migori, pana Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila ya saruji wala chokaa tangu karne ya 16, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Wajenzi wa maboma ya Wabukusu na ya Wajaluo hawakuwa raia wa dola kubwa. Walikuwa koo na majirani, wenye wazee wao na ng'ombe wao.

Kinachoweza kufanywa

Swali la Bigo halihitaji kubaki kitendawili milele. Handaki lililoachwa hujaa matope kwa matabaka, na matabaka hayo husomeka. Likiwa lilisafishwa mara kwa mara, mkato wake utaonyesha mahali ambapo matope ya zamani yalikatwa na jembe jipya. Likiwa liliachwa mara tu baada ya kuchimbwa, yatakuwa yamelala moja juu ya jingine pasipo kukatizwa. Mkaa na mbegu zilizonaswa chini kabisa zinaweza kupimwa umri. Mikato kumi katika sehemu kumi ingeonyesha kama vipande vyote ni vya wakati mmoja, au kama kimoja ni cha babu na kingine cha mjukuu. Mitaro ya Machakos inadokeza kuwa tofauti hiyo ni ya maana: ya kulazimishwa ilitelekezwa upesi, ya hiari ilizolewa matope kila mwaka.

Kazi hiyo inataka fedha na ruhusa, na inataka pia mahali penyewe pabaki. Nyanda za Katonga ni nchi ya ng'ombe hata sasa. Kwato hubomoa kingo, na vichaka huficha yaliyobaki hata mgeni aweza kusimama ndani ya handaki asijue. Uganda iliiweka Bigo, pamoja na Ntusi, katika orodha ya mahali inapokusudia kupapendekeza kwa UNESCO mwaka wa 1997. Tangu uchimbaji wa kwanza wa 1957, sehemu iliyofukuliwa ni ndogo mno ikilinganishwa na urefu wa mahandaki, na katika kilomita nyingi zilizobaki matope hayo ya karne 5 au 6 hayajaguswa na mtu.